Matete ya Asili na Matete ya Kigeni: Alama za Urithi katika Uchunguzi wa Nyasi Vamizi ya Amerika ya Kaskazini

Katika Kiswahili neno matete halikutengwa kwa mmea mmoja tu. Wakazi wa kandokando ya mito na maziwa huita hivyo nyasi ndefu zenye mafundo na uwazi ndani ya bua, ambazo hutumika kwa kujengea nyua na kusukia mitego ya samaki, na ambazo wataalamu wa mimea wameziweka katika jenasi ya Phragmites. Mahali pengine neno lilo hilo hutajwa kwa majani ya tembo, ambayo watu wengine huyaita mabingobingo. Mtunga kamusi akutanapo na hali hii hana budi kuuliza: je, hili ni jina moja la vitu viwili, au ni kitu kimoja chenye sura mbili? Mtaalamu wa mimea hukimbilia jina la Kilatini, akidhani kwamba hapo mashaka yamekwisha. Lakini habari za matete ya Amerika ya Kaskazini zaonyesha kwamba hata jina la Kilatini laweza kufunika vitu viwili kwa muda wa karne nzima, na kwamba gharama ya kutovitenga yaweza kuwa kupotea kwa kimojawapo. Makala haya yaeleza jinsi vitu hivyo viwili vilivyotambuliwa kwa njia ya alama za urithi, jinsi alama hizo zitengenezwavyo, na mambo zilizoyafichua.

Mmea na fumbo lake

Phragmites australis ni nyasi ya majimaji iotayo katika kila bara isipokuwa Antaktika. Bua lake hufika urefu wa mita 4 na zaidi, na kileleni hutoa suke kubwa lenye nywele laini. Huenea kwa njia mbili: kwa mbegu ndogo zichukuliwazo na upepo na maji, na kwa mashina yatambaayo chini ya udongo, ambayo kila fundo lake laweza kuchipusha bua jipya. Kwa hiyo kichaka kizima cha matete chaweza kuwa mmea mmoja uliojizidisha, au chaweza kuwa mkusanyiko wa mimea mingi iliyozaliwa mbalimbali. Kwa macho matupu haiwezekani kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Mmea huu si mgeni katika Amerika ya Kaskazini. Mabaki yake ya miaka 40,000 iliyopita yamepatikana kusini-magharibi mwa Marekani, na katika matope ya vinamasi vya chumvi vya pwani ya Atlantiki mna mabaki yake ya miaka 3,000 na zaidi. Wenyeji wa asili wa bara hilo waliyatumia matete kwa mishale, mikeka na filimbi. Hata hivyo, tangu katikati ya karne ya 19, na hasa katika karne ya 20, matete yalianza kuenea kwa kasi isiyopata kuonekana. Vinamasi vilivyokuwa na mimea mifupi ya namna nyingi viligeuka kuwa kuta za matete peke yake, na mimea na wanyama waliozoea nafasi ile ya wazi wakakosa pa kukaa.

Sababu yake ilibishaniwa kwa muda mrefu. Wako waliosema kwamba mazingira ndiyo yaliyobadilika: vinamasi vimekatwa kwa barabara na reli, maji yamejaa mbolea itokayo mashambani, na mmea wa siku nyingi umepata nafasi ya kunenepa. Wako wengine waliosema kwamba amekuja mgeni mwenye sura ya mwenyeji, aliyefika labda pamoja na udongo na mawe yaliyotiwa merikebuni ili kuzipa uzito. Ubishi huu haukuwa wa vitabuni tu. Ikiwa mmea ni ule ule wa asili, kuung'oa ni kuharibu urithi wa nchi. Na ikiwa ni mgeni, kuuacha ni kuuacha urithi huo umezwe. Mradi jina lilikuwa moja, hapakuwa na njia ya kuchagua.

Alama ya urithi ni nini

DNA ya kila kiumbe yaweza kufananishwa na maandishi marefu yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, ambazo kwa kifupi huitwa A, C, G na T. Maandishi hayo hunakiliwa kila seli igawanyikapo, na mara chache kosa hutokea katika kunakili, nalo likarithiwa na vizazi vifuatavyo. Alama ya urithi ni mahali maalumu katika maandishi hayo ambapo viumbe wa jamii moja hutofautiana, na ambapo tofauti hiyo yaweza kusomwa kwa hakika.

Wanaoshughulika na miswada ya tenzi wataielewa kazi hii upesi. Miswada mitatu ya utenzi mmoja ikiwa na kosa lile lile katika ubeti ule ule, na mingine isiwe nalo, msomi hukata shauri kwamba hiyo mitatu imetokana na nakala moja, kwa kuwa si rahisi wanakili watatu wakosee vivyo hivyo kila mmoja peke yake. Tena, kosa lisilobadili maana ndilo shahidi bora, kwa sababu hakuna nakili atakayejisumbua kulisahihisha. Ndivyo ilivyo katika mimea. Zipo sehemu za DNA ambazo hazibebi maagizo ya kutengeneza protini. Kosa likitokea humo, kwa kawaida halimdhuru wala halimfai mwenye kuwa nalo. Kwa hiyo hubaki na kupitishwa, na huwa ushahidi wa ukoo.

Sehemu ya kwanza iliyochaguliwa kwa matete ni DNA iliyomo ndani ya kloroplasti, yaani vile vijisehemu vya kijani vya seli ambamo mmea hutengenezea chakula chake kwa nguvu ya jua. Katika nyasi kloroplasti hurithiwa kwa kawaida kutoka kwa mama peke yake, wala hazichanganyiki na za baba. Faida yake ni kwamba ukoo waweza kufuatwa moja kwa moja, kama nasaba ihesabiwayo kwa upande wa mama. Kila mpangilio wa herufi ulio tofauti na mwingine katika sehemu hizo huitwa haplotaipu, na hupewa herufi ya kuutambulisha.

Ushahidi wa mimea mikavu

Mwaka 2002 Kristin Saltonstall, aliyekuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, alichapisha matokeo ya kusoma sehemu mbili za namna hiyo katika sampuli 345 kutoka pande zote za dunia. Kati ya hizo, 283 zilikuwa za mimea ya siku hizi, na 62 zilikuwa vipande vya mimea mikavu iliyokusanywa kabla ya mwaka 1910 na kuhifadhiwa katika makumbusho ya mimea. Wakusanyaji wa zamani waliobandika matete yao juu ya karatasi, wakaandika mahali na tarehe, hawakujua kwamba ndani ya jani lile kavu mlikuwa na habari ambayo kizazi kingine kingeisoma. DNA ya majani makavu huwa imekatikakatika, kwa hiyo husomwa kwa vipande vifupi vifupi na kwa uangalifu mwingi. Lakini bila majani hayo pasingekuwa na njia ya kulinganisha zamani na sasa.

Haplotaipu 27 zilipatikana duniani kwa jumla. Miongoni mwake 11 zilikuwa za Amerika ya Kaskazini peke yake, nazo zote zilishiriki mabadiliko 5 yasiyoonekana penginepo. Yaani zilikuwa watoto wa mama mmoja, waliokaa mbali na ndugu zao wa mabara mengine kwa muda mrefu. Haplotaipu nyingine, iliyopewa herufi M, ni ile iliyoenea sana katika Ulaya na Asia. Katika mimea mikavu ya kabla ya mwaka 1910, haplotaipu za asili ndizo zilizotawala, na M ilionekana mahali pachache tu. Katika sampuli za siku hizi M ilikuwa imeenea barani kote, na katika majimbo ya New England ilikuwa imechukua mahali pa zile za asili. Baadaye mabaki machache ya matete ya asili yaligunduliwa katika sehemu hizo, lakini ni machache kweli.

Hivyo fumbo lilifumbuliwa. Mgeni alikuwa amekuja, akajificha nyuma ya jina na sura ya mwenyeji. Pamoja na hayo, wale waliosema kwamba mazingira yalibadilika hawakuwa wamekosa kabisa, kwa maana mgeni huyo hustawi zaidi hasa pale ambapo ardhi imevurugwa na maji yametiwa mbolea.

Mambo mawili yalifuata. La kwanza ni kipimo cha haraka, kilichochapishwa mwaka 2003. Kipo kimeng'enya ambacho hukata DNA pale tu kikutapo mfuatano fulani wa herufi. Kwa kuwa matete ya asili na ya kigeni hutofautiana katika mahali kama hapo, vipande vya mmoja hukatika na vya mwingine hubaki vizima. Vikisukumwa kwa nguvu ya umeme ndani ya jeli, vipande vifupi hutangulia na virefu hubaki nyuma, na jibu huonekana bila ya kusoma herufi zote. La pili ni jina. Mwaka 2004 matete ya asili yalipewa cheo cha nususpishi na kuitwa Phragmites australis nususpishi americanus. Ndipo watu walipotazama tena mimea yenyewe, wakaona tofauti zilizokuwapo siku zote: bua la asili mara nyingi ni laini, lenye wekundu upande wa chini, na ala za majani yake hudondoka upesi majani yanapokauka. Kile kiwambo kidogo kilichopo jani linapoungana na ala yake huwa na urefu wa milimita 1.0 hadi 1.7 katika matete ya asili, na milimita 0.4 hadi 0.9 katika yale ya kigeni. Jicho lilihitaji kwanza kuambiwa kuna nini cha kutazama.

Kutengeneza mikrosateliti

Alama za kloroplasti zina kasoro. Kwa kuwa zafuata upande wa mama tu, haziwezi kumtambulisha chotara, kwani chotara hubeba kloroplasti za mama yake kana kwamba baba hakuwapo. Wala haziwezi kutofautisha mmea mmoja na mwingine, maana mamilioni ya mimea hushiriki haplotaipu M. Kwa maswali hayo yahitajiwa alama zilizomo katika kiini cha seli, zirithiwazo kwa baba na mama, na zibadilikazo upesi zaidi. Alama zilizotumika sana ni zile ziitwazo mikrosateliti.

Mikrosateliti ni mahali ambapo herufi mbili, tatu au nne hukaririwa mara nyingi mfululizo, mfano CACACACACA. Nakili anakilipo silabi zilizokaririwa namna hii ni rahisi kuteleza, akaongeza moja au akapunguza moja. Na mashine ya seli huteleza vivyo hivyo. Kwa hiyo mmea mmoja huwa na marudio 12, mwingine 15, mwingine 19, na hesabu hiyo hurithiwa. Mahali pamoja hapatoshi kumtambulisha mtu, kama vile jina Juma peke yake halitoshi kumpata mtu katika mji. Lakini mahali kumi pakisomwa kwa pamoja, ni nadra sana mimea miwili isiyotokana na shina moja kulingana katika pote.

Namna ya zamani ya kutengeneza alama hizi ilikuwa ndefu. DNA iliyotolewa katika majani ilikatwa vipande vidogo. Kisha vipande vyenye marudio vilivuliwa kutoka katika vingine kwa kutumia uzi mfupi wa DNA ulio kinyume cha marudio hayo, ambao hushikamana navyo na kuvutwa kwa sumaku. Vipande vilivyovuliwa vilitiwa ndani ya bakteria ili viongezeke, kisha vikasomwa herufi kwa herufi. Siku hizi mashine husoma mamilioni ya vipande kwa mara moja, na kompyuta hutafuta marudio yenyewe. Lakini hatua zifuatazo hazikubadilika sana. Pande mbili za kila mrudio hutafutwa mfuatano usiobadilika, na hapo hutengenezwa vianzishi viwili, yaani nyuzi fupi za DNA ambazo huonyesha mahali pa kuanzia kunakili. Kwa njia ya mmenyuko mfululizo wa polimerasi sehemu iliyo kati ya vianzishi hivyo hunakiliwa mara mamilioni, na urefu wake hupimwa.

Si kila alama iliyotengenezwa hufaa. Nyingine hazionyeshi tofauti yoyote. Nyingine hunakili mahali pawili pamoja. Nyingine hukataa kunakili katika baadhi ya mimea kwa sababu herufi moja imebadilika pale kianzishi kiliposhika. Kosa hili la mwisho ni la hatari, kwani mtafiti huona nafasi tupu akadhani mmea una urithi wa namna moja, kumbe wa pili upo ila haukusomeka. Matete yana tabu nyingine ya ziada. Mengi yake yana seti 4 za kromosomu, jumla yake 48, badala ya seti 2. Kwa hiyo mahali pamoja paweza kutoa urefu wa namna 3 au 4, na hesabu zilizozoeleka kwa viumbe wa seti 2 hazifai bila ya kurekebishwa.

Yaliyofichuliwa

Saltonstall alichapisha mikrosateliti za matete mwaka 2003. Alama hizo zilithibitisha kwa upande wa kiini yale yaliyoonekana katika kloroplasti, yaani kwamba Amerika ya Kaskazini ina koo tatu: ya asili, ya kigeni, na ya tatu iliyoko kusini kandokando ya Ghuba ya Meksiko. Wakati ule hakuna chotara wa asili na kigeni aliyeonekana, na wengi walitumaini kwamba koo hizo hazizaliani. Lakini mwaka 2010 watafiti walifaulu kuzichavusha kwa mkono katika nyumba ya mimea, na mwaka 2014 ikachapishwa ithibati ya chotara walioota porini. Basi hatari si ya kusukumwa tu. Mwenyeji aweza pia kuyeyuka ndani ya mgeni, na jambo hilo lisingejulikana bila ya alama za kiini.

Jambo la pili lilihusu kuenea. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba matete ya kigeni huenea hasa kwa mashina ya chini ya udongo, na kwamba mbegu zake hazina maana kubwa. Ikiwa ndivyo, vichaka vya bonde moja vingekuwa nakala za mmea mmoja. Katika Ghuba ya Chesapeake watafiti walipima vichaka vingi kwa mikrosateliti, wakakuta kwamba kila kichaka kilikuwa na urithi wake, na kwamba vichaka vikubwa vilikuwa na mimea kadhaa tofauti ndani yake. Mbegu, kwa hiyo, ndizo zilizofungua njia. Ilionekana pia kwamba mmea uliochavushwa na mwingine usio nakala yake hutoa mbegu nyingi zaidi zenye uhai. Hapa uanuwai, ambao katika mimea mingi husifiwa, umekuwa silaha ya uvamizi: kichaka cha mmea mmoja huzaa kidogo, wakija wa pili na wa tatu, mbegu huongezeka, na mbegu zikiongezeka huja wengine tena.

Maarifa haya yamebadili shauri la vitendo. Aliyedhani kwamba adui ni shina moja litambaalo aliona hakuna haraka ya kukishughulikia kichaka kidogo cha mbali. Ajuaye habari za mbegu hukiondoa kichaka kidogo mapema, kabla hakijapata jirani wa kukichavusha. Tena, kabla ya kutia dawa ya kuua magugu au kuchoma, kipande cha jani chaweza kupimwa ili ijulikane kama matete yale ni ya kuondolewa au ya kulindwa. Tangu mwaka 2019 nchini Kanada wameachiliwa nondo kutoka Ulaya ambao viwavi wao hula bua la matete, nao huyapenda zaidi yale ya kigeni. Wataalamu wamebishana kama upendeleo huo watosha kuyasalimisha yale ya asili. Mdudu akishaachiliwa harudishwi. Kwa hiyo kila kichaka kiliwacho na kila kiachwacho chapaswa kujulikana ukoo wake, na alama za urithi ndizo mizani ya kupimia ubishi huo.

Juu ya maneno

Yafaa kutaja mwishoni maneno yaliyotumika hapa, kwa sababu elimu hii bado haijazoeleka katika vitabu vya Kiswahili. Alama ya urithi limechaguliwa badala ya kitambulisho cha jeni, kwa kuwa mahali panaposomwa mara nyingi si jeni hata kidogo, na tena alama haidai kumtambulisha mtu mmoja. Yaweza kutambulisha ukoo tu. Uanuwai ni neno ambalo limekwisha kuzoeleka katika bioanuwai, nalo latosha. Vamizi ni neno la vita, na hapana budi litumiwe kwa hadhari, maana mmea haukukusudia kushambulia. Ulichukuliwa na watu, ukapewa nafasi na watu. Ama neno matete lenyewe, halina kosa. Lugha ya watu hutenga yale ambayo watu wana haja ya kuyatenga, na anayekata matete ya kujengea ua hana haja ya kujua haplotaipu yake. Lakini haja ikizuka, jina hufuata, kama lilivyofuata mwaka 2004 baada ya karne nzima ya kukosekana. Katika muda huo wa kungoja, mwenyeji alikuwa amekwisha kutoweka katika sehemu nyingi za pwani yake mwenyewe, na hakuna aliyeandika habari ya kutoweka kwake, kwa kuwa mahali pake palikuwa bado pana mmea wenye jina lile lile.